Hoja ya Mwisho Mjini Tukuyu

Asubuhi ile niliamka nikiwa nimeshashinda. Msinicheke. Nilipiga mswaki huku nikijichekea kwenye kioo, nikavaa gauni langu la kijani, nikatoka bila hata kunywa chai, maana chai ingenichelewesha kushinda. Mji mzima wa Tukuyu ulijua kwamba siku hiyo Baraza la Hoja linakaa, na kwamba mimi, Subilaga Mwakatobe, fundi mkuu wa Mizani, ndiye niliyeleta hoja iliyowakosesha watu usingizi: kuanzia leo Mizani ikishaamua, basi imekwisha. Hakuna tena kupiga kura.

Kwenye daraja dogo la chini ya soko nikakuta ubishi. Mkokoteni uliojaa viazi umekutana na pikipiki katikati, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Nilipokuwa mtoto, pale ungesikia mama wa mtu anatajwa. Siku hizi hapana. Mwenye mkokoteni aliinua mkono wake wenye kibangili, hiki tunachovaa wote kinachotuunganisha na Mizani, akasema, "Nimebeba mzigo na ninateremka. Nikianza kurudi nyuma kupanda, mzigo utanishinda nguvu uje na mimi." Mwenye pikipiki akasema, "Mimi namuwahi abiria." Vibangili vyote viwili vikawaka kijani kumwelekea mwenye mkokoteni. Pikipiki ikarudishwa nyuma, yakaisha. Hata kununa yule kijana hakununa.

"Dada Subilaga!" akaniita aliponiona. "Leo mtupunguzie kazi bwana! Kila Jumamosi kunyoosha mkono, bega lenyewe linauma!"

"Leo ndiyo mwisho!" nikamjibu, nikavuka daraja karibu nikikimbia.

Aliyezaliwa katika zama hizi za hoja hajui tulikotoka. Mimi nilizikuta zile za zamani zikiwa mwishoni mwishoni, lakini nilizionja. Mtu alikuwa kiongozi kwa sababu ana sauti nene na sufuria kubwa. Anakuja na wapiga ngoma, anagawa kanga, fulana na kofia, watu wanakula pilau, wananyoosha mikono, halafu hawamwoni tena mpaka pilau nyingine. Ukiuliza kwa nini barabara imepita kwake isipite shuleni, unaambiwa huna adabu. Mama yangu aliuawa na kura ya namna hiyo. Wengine watasema aliuawa na uzazi, lakini mimi najua.

Ndipo ikaja Mizani. Tuliijenga sisi, mimi na Mhandisi Nsajigwa na wenzetu wachache, kwenye ghala la chai lililokuwa limeachwa. Ni mashine inayosikiliza. Ukisema neno, inalikata vipande kama mama anavyomenya ndizi: hiki ni jambo ulilodai, hiki ni ushahidi wako, hiki ni hasira tu. Kila dai inalipeleka kwenye kumbukumbu za mabaraza yote, inaangalia limewahi kuwa kweli wapi na lilizaa nini. Kisha, na hapa ndipo tulipokesha miaka, inajipinga yenyewe. Inatafuta jibu kali kuliko yote ambalo adui yako angeweza kukupa, ndipo inapima. Haichoki, haili, haina mjomba. Upande wenye uzito unawaka kwenye ule mti wa taa ulio ukutani mwa Baraza, kijani kwa anayeleta hoja na chungwa kwa anayeipinga.

Na watu walibadilika, tena upesi! Vyama vilikufa kwa kukosa wanachama. "Mheshimiwa" likafutwa, kwa sababu kila aliyeulizwa sababu ya kuitwa hivyo alikohoa tu. Mahakama zikabaki na kazi ya asubuhi peke yake. Mama akimwambia mtoto akalale, mtoto anauliza "kwa sababu ipi?" na mama inambidi aitoe. Hata posa siku hizi watu wanakuja na hoja, na nimeshuhudia kijana akikataliwa kwa haki kabisa, akashukuru, akaaga.

Lakini tuliiacha kura. Mizani inaonyesha, watu wananyoosha mikono. Tangu iwekwe ukutani, mkutano haujawahi hata siku moja kuupinga mti wa taa. Sasa ya nini? Na mwezi uliopita, bondeni huko, mtu mmoja amekutwa anapika pilau. Pilau, jamani! Anawaalika majirani, anawaambia, "Jumamosi mtanikumbuka." Niliposikia habari ile niliandika hoja yangu usiku ule ule. Mlango ule wa kura ndio walioingilia kumuua mama yangu, na mimi nilikuwa nimedhamiria kuufunga.

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu walikuwa wamekaa kwenye kingo, miguu inaning'inia, wengine wamebeba watoto mabegani. Kulikuwa na joto, kulikuwa na kelele, kulikuwa na ile raha ya siku ya Baraza ambayo sijui niwaeleze vipi. Mhandisi Nsajigwa alinishika mkono mlangoni. Yeye ndiye mwalimu wangu, mzee mwembamba anayeongea harakaharaka kana kwamba maneno yatamwisha.

"Binti yangu, umejiandaa?"

"Nimejiandaa tangu nina miaka tisa, mwalimu."

"Vizuri, vizuri. Unajua mpinzani wako ni nani?"

"Nasikia watu wa bondeni wanaleta mtu wao."

Akaniangalia kwa huruma, na mimi huruma ya Nsajigwa sijaizoea. "Wameleta Ambokile," akasema.

Ambokile, mtangazaji wa mpira. Baba Lugano. Mume wangu mpaka juzi juzi, kabla hajafungasha nguo zake akaondoka nyumbani kwangu bila hata kugombana. Redioni anaweza kukutangazia mpira wa sare tasa ukadhani dunia inaisha, lakini mimi nyumbani alikuwa ananiambia "sawa" tu. Sawa, sawa, sawa, mpaka siku ile akasema kwaheri.

Nikamwona kule mbele, ameketi kwenye kiti cha wapinzani, amevaa shati nililomnunulia mimi. Akanipungia mkono.

"Mama Lugano! Umependeza!"

"Toa hoja!" akapiga kelele mtu wa dirishani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama Sekela, mwenyekiti wetu, akagonga kengele. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti inayopita ukuta. "Wote mnaijua desturi," akasema, "lakini naisema, kwa sababu leo kuna wageni. Hapa hakuna anayeanza kwa kujitetea. Kila mmoja anamsema kwanza mwenzake. Utaueleza moyo wa mpinzani wako mpaka mwenyewe akiri, 'Hapo umenisema.' Unapewa nafasi tatu. Ukishindwa zote tatu, upande wako hausikilizwi, urudi mwakani. Ambokile, anza. Mseme Subilaga."

Desturi hii ndiyo fahari yetu, na hakuna mji mwingine wenye ukali kama wetu. Mizani inakupima uzito, lakini inayokufanya ufikiri ni hii. Mimi nimeshinda mara nyingi kwa sababu mpinzani wangu alishindwa kunisema. Nikakunja mikono, nikamsubiri Ambokile ashindwe.

Akasimama. Sikuisikia ile sauti yake ya kutangaza mpira.

"Naitwa Subilaga," akaanza, maana ndivyo tunavyofanya, tunaingia ndani ya mtu. "Nina miaka tisa. Mvua inanyesha. Mama yangu yuko kwenye machela na wanaume wanne wamembeba, na mimi nakimbia pembeni nimeshika mwavuli, kwa sababu wameniambia kazi yangu ni mama asilowane. Zahanati ingekuwa mlangoni petu. Watu wazima walikaa wakapewa wali, wakanyoosha mikono, ikaenda kwingine. Hawakuwa wabaya. Mmoja wa wale wanaume wanne waliobeba machela alinyoosha mkono siku ile, na sasa analia kuliko mimi. Tumefika kwenye kilima cha pili, wakaitua machela chini. Hakuna aliyeniambia kitu. Mimi nikaendelea kumkinga na mwavuli. Naomba mniambie, enyi mnaosema kura ni haki yenu: ilikuwa haki yenu kunyoosha ule mkono? Mimi sitaki mtu mwingine awe mwema, ashibe, akosee, halafu aje kubeba machela."

Niliyasema hayo mara moja tu maishani, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nikiwa nimemgeuzia mgongo. Sikujua kama alisikia.

Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye gauni. Mama Sekela akasubiri. Mwishowe nikasema, "Hapo umenisema," na mti wa taa ukapanda kijani mpaka karibu na dari. Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, wengine walikuwa wanalia kama mimi. Nsajigwa alirukaruka kama mtoto. Mara ya kwanza, jamani! Mara ya kwanza tu, amenisema!

"Subilaga," akaita Mama Sekela. "Mseme Ambokile."

*

Nilijifuta uso kwa mkono, nikasimama.

"Naitwa Ambokile," nikaanza. "Mimi napenda kelele. Napenda watu wanyooshe mikono kwa sababu inapendeza, kama uwanjani. Kura ni mchezo, na mtu akinyang'anywa mchezo ananuna."

Watu wakacheka. Ambokile naye akacheka, kisha akatikisa kichwa. "Bado."

"Nafasi ya pili," akasema Mama Sekela.

Sawa. Nikakusanya akili. "Naitwa Ambokile. Mizani imetengenezwa na watu, na watu hukosea. Siku itakapokosea, nani ataisahihisha? Kura ni breki. Gari lisilo na breki, hata dereva awe hodari vipi, sipandi." Nilijiona nimepiga penyewe. Hata mti wa taa ulicheza kidogo upande wa chungwa.

Ambokile akatikisa kichwa tena. "Hoja nzuri," akasema. "Ila ni ya kwako, Mama Lugano. Hiyo ndiyo ambayo ungeitoa wewe kama ungekuwa upande huu. Bado."

Ukumbi ukaguna. Nsajigwa akajishika kichwa. Nimebakiza nafasi moja, na nikishindwa, hoja yangu inalala mwaka mzima, na yule wa bondeni anapika pilau mwaka mzima. Nilimwangalia Ambokile kwa hasira. Nimeishi na huyu mtu, nimekula naye, nimezaa naye, hivi kweli sijui anachofikiri?

Sikujua. Hapo ndipo nilipoikumbuka nyumba yetu. Mizani ndogo tulikuwa nayo nyumbani, ya majaribio, juu ya kabati la vyombo. Tukibishana tuishi wapi, naiuliza. Lugano asome shule ipi, naiuliza. Tupate mtoto wa pili? Niliiuliza hilo pia. Na kila mara ilikuwa kijani, kila mara mimi, na nilikuwa nafurahi kwa dhati kabisa kwamba nyumba yetu haina ugomvi.

Nikasema polepole, huku nikitafuta maneno gizani.

"Naitwa Ambokile. Nina mke mwenye akili kuliko mimi. Kila alichoamua kilikuwa sahihi. Nyumba aliyochagua ni nzuri. Shule aliyochagua ni nzuri. Hata mtoto wa pili, alisema tusubiri, na alikuwa na sababu, na sababu zake mpaka leo sina cha kuzijibu. Sijawahi kupata hasara hata moja kwa kumfuata. Ila siku moja nilirudi kutoka kazini, nikasimama mlangoni, nikapiga hodi. Nyumbani kwangu. Nikabisha hodi kama mgeni. Ndani kulikuwa na maisha mazuri, na hakuna hata kimoja ambacho mimi nilikikubali. Nilikuwa nimeshindwa tu kukikataa. Nataka kukosea. Si kwa sababu kukosea ni kuzuri. Ni kwa sababu mtu asiyeulizwa, hata akipewa pepo, amepangishwa."

Ile hodi alinipigia kweli, na mimi nilimfungulia nikamwambia, "Kwani umesahau funguo?"

Ambokile alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa mekundu.

"Hapo," akasema. "Hapo umenisema, Subilaga."

Na mti wa taa ukageuka. Nimeutengeneza mimi, nimeshauona ukigeuka mara nyingi, lakini sijawahi kuuona ukienda vile. Kijani ikashuka kama maji yanayotoka kwenye beseni, chungwa ikapanda, ikapita dirisha, ikagusa dari. Mizani imeamua: kura ya watu ibaki.

Mlipuko uliotokea hapo siwezi kuueleza. Watu walisimama juu ya mabenchi. Nsajigwa akakimbilia mbele, anatoka jasho, anapunga mikono. "Mizani imesema! Imesema! Basi hakuna haja ya kupiga kura!"

"We mhandisi!" akapayuka mama mmoja. "Imesema tupige kura!"

"Kwa hiyo tukiitii..."

"Tukiitii tunapiga! Tukipiga huenda tukaikataa!"

"Na tukiikataa?"

"Basi tunaitii milele!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hata Mama Sekela alificha uso kwa kitenge chake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, kichwa kinazunguka kwa furaha ambayo sikuijua jina, kwa sababu hii ndiyo ilikuwa ndoto ya ujana wetu kwenye ghala lile: mashine yenye haki kiasi kwamba inaweza kujinyima.

Kengele ikalia. "Tumeisikia," akasema Mama Sekela. "Inataka mikono yetu. Basi, wanaokubali hoja ya Subilaga, kura iondolewe, nyoosheni."

Sikunyoosha. Nilikaa juu ya viganja vyangu. Hoja yangu mwenyewe, na sikuinyooshea mkono, na wala sikuona haya.

Kisha nikatazama nyuma.

Mikono ilikuwa imejaa. Ilikuwa mikono kutoka ukuta hadi ukuta, mikono madirishani, mikono ya wale kinamama waliokuwa wakilia, mikono ya wazee wanaokumbuka machela. Walikuwa wamemwona mama yangu. Ambokile aliwaonyesha, na hawakuweza tena kumtoa machoni. Kwa mara ya kwanza tangu iwepo, watu wa Tukuyu waliikataa Mizani, na waliikataa ili waitii siku zote.

Na mbele kabisa, kwenye kiti cha wapinzani, Ambokile naye alikuwa amenyoosha mkono.

*

Walinibeba juu juu. Waliimba jina langu. Nsajigwa aliniambia sikioni kwamba nimeingia kwenye historia. Nilishushwa mbele ya ukuta, chini ya mti wa taa, pale penye swichi iliyofunikwa kwa kioo. Kwa desturi yetu anayeleta hoja ndiye anayeitekeleza kwa mkono wake. Ukileta hoja ya kuchimba mtaro, jembe la kwanza ni lako. Swichi ile ikibonyezwa, maamuzi ya Mizani yanakwenda moja kwa moja kwenye maji, kwenye umeme, kwenye shule, kwenye kila ofisi, na hairudi nyuma. Tuliisuka hivyo makusudi ili asije mtu na pilau yake akaifungua.

"Bonyeza, binti yangu," akasema Nsajigwa. "Unangoja nini?"

Nilikuwa nimekwama. Nikibonyeza, ninawanyang'anya watu hawa kitu ambacho nusu saa iliyopita nimekielewa. Nikikataa, je? Watu wameulizwa, wamejibu, kwa mikono yao. Nikisema hapana kwa sababu mimi najua zaidi, nitakuwa ninafanya yale yale niliyofanya nyumbani kwangu, safari hii kwa mji mzima. Kote kote nilikuwa ninawakosea, na hakuna upande ambao ningeweza kuwa sahihi.

"Baba Lugano!" nikaita. Akasogea, watu wakampisha. Alikuwa bado anahema kwa shangwe.

"Nifanye nini?"

Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Iulize Mizani."

"Sitaki. Nataka uniambie wewe, na nitafanya."

Alifikiri. Alichukua muda mrefu, watu wakaanza kupiga miluzi, na mimi nilisubiri. Sikumkatiza, sikummalizia sentensi. Niliangalia tu jinsi anavyofikiri, anavyouma mdomo wa chini, kitu ambacho sikumbuki kama nilishawahi kukitazama.

"Washa," akasema. "Mimi nilikuja hapa kupinga. Halafu nikajisikia nikimweleza mama yako, nikabadilika. Hakuna aliyenishinda. Nimekubali mwenyewe, Subilaga, na tamu yake siwezi kukwambia. Washa."

Aliyasema huku anatabasamu, na sekunde moja baadaye nikaona na yeye ameelewa alichokisema: tamu hiyo ya kukubali mwenyewe ndiyo anayoniambia niizime. Akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno. Lakini nilikuwa nimemwahidi.

Nikanyanyua kioo, nikabonyeza.

Mti wa taa ulizimika, ukawaka tena mweupe, mwanga ambao hatujawahi kuuona. Shangwe ikapanda, ikatikisa mabati, watu wakakumbatiana, mikono yote juu. Halafu ikapungua. Mmoja akashusha mikono, mwingine akashusha. Mama Sekela alishika kengele yake, akaitazama, asijue aigonge au aiweke chini. Watu wakaugeukia ukuta, wakangoja kuambiwa kama waende nyumbani.